Kitambaa cha Samaki kwenye Lango la Maji

Shemeji yangu Nazario Beltrán hana saa ya kula. Nampikia tangu mke wake alipofariki, Mungu amweke pema, na sikumbuki siku hata moja ya mwezi wa tano aliyomaliza sahani bila simu kulia. Anakula kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu sikioni, na maharage yanapoa.

"Ndiyo, Ambler, najua ni zamu yako. Najua miti yako ya plamu ina kiu. Si nilikueleza? Samaki wanapita."

Anakata, anashika kijiko, simu inalia tena. Safari hii ni Gaonou, binti wa ofisi ya samaki.

"Ndiyo, binti. Najua maji hayatoshi. Siwezi kufunga zaidi ya kufunga. Lango likishafungwa, limefungwa."

Mume wangu Hilario, ambaye ni kaka yake mkubwa, humcheka. "Wewe umekuwa mlango wa choo cha stendi. Kila anayepita anakupiga teke, na hakuna anayesema asante."

"Mlango wa choo una nafuu," Nazario anamjibu. "Wenyewe wanaacha kuugonga wakimaliza."

Kazi yake ni kugawa maji ya kijito cha Cutler. Kijito hiki kinatoka kwenye theluji huko milimani, kinapita korongoni, kinakatisha bondeni kwetu mpaka mto mkubwa wa Sacramento. Pale kinapotoka korongoni ndipo sisi wakulima tunapokipunguza. Kuna lango la chuma lenye gurudumu juu yake. Ukizungusha gurudumu, maji yanaingia mferejini na kwenda kwenye plamu za watu, na kwenye shamba letu la lusini, majani ya ng'ombe tunayouza mimi na Hilario na ambayo yametusomeshea watoto. Nazario alikuja hapa kutoka Michoacán akiwa kijana, akaanza kwa kufyeka magugu mferejini. Mgawa maji wa zamani alipozeeka, wakulima walimpa Nazario gurudumu, kwa sababu hagombani na mtu. Hiyo ndiyo sifa waliyoitaka. Sasa anagombezwa yeye na kila mtu.

Zamu zetu zinakwenda kwa vitambaa. Kila nyumba ina chake. Mwenye zamu anakifunga kwenye gurudumu, na kikiwa pale hakuna mkono mwingine unaogusa. Chetu ni cha njano, nilikishona kutoka kwenye pazia. Cha mzee Wendell Pruitt ni chekundu, na siku yake ni Jumapili. Babu yake ndiye aliyechimba mfereji kwa nyumbu, na wenzake wakampa Jumapili yeye na uzao wake. Kwa hiyo Jumapili kukipambazuka, kitambaa chochote kilichopo kinashushwa, chekundu kinapanda. Hakuna aliyewahi kuliandika hilo. Watoto wetu walilijua kabla ya kujua kusoma.

Halafu kuna hao samaki, samoni. Kila majira ya kuchipua wanatoka baharini, wanapanda mto, wanaingia kijito chetu kutafuta vidimbwi vya baridi huko korongoni. Wanakaa humo kiangazi kizima bila kula, na kukianza baridi ndipo wanataga. Zamani, wazee wanasema, farasi walikuwa wanaogopa kuvuka kwa wingi wao. Sasa wamebaki wachache mno, na sheria inawalinda. Shida yao ni mahali tunapopaita Mawe Mapana, maili mbili chini ya lango. Hapo kijito kinatawanyika juu ya mawe kama chai iliyomwagika mezani. Lango likiwa wazi, maji pale yanafika kifundo cha mguu tu, na samaki mwenye urefu wa mkono wangu hawezi kupita. Anabaki chini yake akingoja, jua linapasha maji moto, anakufa.

Tuligombana na ofisi ya samaki miaka na miaka. Mawakili walikuja na kuondoka. Mwishowe Nazario alisimama kwenye mkutano wa chama chetu cha mfereji, yeye ambaye hasimami, akasema, "Mpeni samaki kitambaa. Awe na zamu kama mwanachama."

Watu walicheka sana siku ile.

"Atalipa ada?" Ambler aliuliza. Huyu ndiye jirani yetu mwenye plamu nyingi kuliko wote na maneno mengi kuliko plamu.

"Akilipa atakuwa amekutangulia wewe," Nazario akasema.

"Na kwenye mkutano atakuja?"

"Akija atakaa kimya. Huo peke yake ni msaada."

Mikono ikapanda. Ikakubaliwa kwamba kila mwaka samaki wakijikusanya chini ya Mawe Mapana, lango lifungwe, kijito kipite chote, mpaka wapande. Nilishona kitambaa cha bluu. Mtu wa ofisi alikuja, akakiangalia kwa muda mrefu, akasema watajaribu kutuamini, lakini siku tutakayovunja ahadi wataweka kufuli lao wenyewe. Nazario aliliogopa kufuli hilo kuliko ugonjwa. "Shemeji," aliniambia, "hapa watu wanaacha maji kwa sababu wameombwa. Siku wakilazimishwa, hutapata hata tone."

Miaka mitatu mambo yalikwenda. Samaki walikuwa wanafika mwanzoni mwa wiki, Nazario anafunga kitambaa Jumatatu, na kufika Jumamosi wameshapita.

Mwaka huu theluji ilichelewa kuyeyuka, na samaki nao wakachelewa. Walifika Alhamisi. Nazario akafunga kitambaa cha bluu Alhamisi hiyohiyo, na Ijumaa joto likaja. Joto la kwetu mnalijua. Lusini letu lilianza kulala kwa kiu asubuhi badala ya mchana. Gaonou akapiga simu kwamba wengi bado wako chini, maji ni baridi sana usiku na hawasogei, anaomba lango libaki limefungwa mpaka Jumanne.

Jumanne. Nilimwona Nazario anafumba macho, kijiko mkononi.

Jumamosi alizunguka nyumba kwa nyumba. Aliwaomba wenye zamu ya Jumamosi, wenye Jumatatu na wenye Jumanne. Ambler alimsimamisha getini wala hakumkaribisha ndani.

"Hao samaki wako bado hawajashiba maji?"

"Siku tatu tu, bwana."

"Jana uliniambia siku mbili. Nazario, mimi nikimwambia mke wangu hivyo analala kwa dada yake."

"Naomba."

"Unaomba. Kila siku unaomba. Sawa, chukua. Lakini plamu zikianguka nitazileta kwenye ofisi yao na kuzimwaga mlangoni."

Alirudi kwetu jioni, shati limegandana na mgongo, akasema wote wamekubali. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Wote, alisema, na mimi na Hilario tuliokuwa mezani hatukuona pengo. Katika kuhesabu zamu kichwani mwake alitoka Jumamosi akaingia Jumatatu. Jumapili kwake ni misa, supu ya utumbo na kulala mchana. Na mzee Pruitt hajawahi kuombwa kitu na mtu, wala hajawahi kuhitaji kuambiwa kitu. Yeye na Jumapili walikuwa kitu kimoja.

Tulikuwa tunatoka kanisani, padri bado anapeana mikono na watu mlangoni, simu ya Nazario ikalia.

Gaonou hakusalimia. Hata mimi niliyekuwa pembeni nilimsikia. "Kwa nini maji yanapungua?"

"Hayapungui. Lango limefungwa."

"Nimesimama Mawe Mapana. Samaki kumi na mmoja wako katikati ya mawe na maji yanaondoka. Waliamua kupanda leo, asubuhi hii, na wewe umefungua."

Nazario alikimbia. Sijawahi kumwona akikimbia. Hilario akawasha gari nyuma yake, nami nikapanda na mantila yangu, kile kitambaa cha lesi cha kanisani, kichwani.

Langoni tulikuta kitambaa chekundu kimefungwa vizuri kwa mafundo mawili. Cha bluu kilikuwa juu ya jiwe, kimekunjwa mara nne kama taulo la mgeni. Maji yalikuwa yananguruma mferejini. Nazario alitazama vile vitambaa, kisha akasema polepole, "Ni Jumapili."

Alizungusha gurudumu mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Lango likafungika. Lakini maji ya kijito hayaendi kwa kupigiwa simu. Kutoka langoni mpaka Mawe Mapana, kwa kijito kilichokwisha kupungua hivyo, ni mpaka alasiri.

Tuliwakuta samaki wametawanyika kwenye madimbwi matatu madogo kati ya mawe, migongo nje, wakihema. Mmoja alikuwa amejitupa juu ya changarawe. Gaonou alikuwa amepiga magoti kando yake, hamgusi, amejikumbatia kama mtu anayesikia baridi katika joto lile. Ni binti mdogo wa mwili, wazazi wake ni Wahmong kutoka Laos, wanalima stroberi huko kusini mwa Sacramento. Namjua, amekula kwangu.

"Mrudishe majini, binti," nilimwambia. "Ni hatua mbili."

"Siruhusiwi, mama."

"Wewe ndiye mtu wa samaki."

"Mimi wa kuwahesabu. Kuwashika kunahitaji kibali, na mwenye kibali ni bosi wangu. Nikimgusa huyu bila kibali nimevunja sheria ileile inayomlinda. Nimempigia, nimeacha ujumbe. Nimempigia tena."

"Yuko wapi?"

"Kwenye harusi."

"Tuchimbe basi," Hilario alisema, na koleo lilikuwa tayari mkononi. "Tuunganishe haya madimbwi, maji yabaki pamoja."

"Kuhamisha mawe ya kijito ni kibali kingine," Gaonou akasema. "Tafadhali, baba, usinifanye nikukataze. Naona aibu."

Hilario alilichoma koleo mchangani na kwenda kusimama mbali. Nazario alikuwa ameingia majini na viatu vya kanisani, amesimama kati ya samaki wale kama mti. Yule wa kwenye changarawe alipiga mkia, akatulia, akapiga tena mara moja, na hakupiga tena. Hatua mbili. Watu wazima wanne, na mikono minane, na tulimtazama akifa kwa kumheshimu. Nilikasirika mpaka nikashindwa kusali. Nilianza Salamu Maria na kupotea katikati, jambo ambalo halijanitokea tangu utoto.

Ndipo nikauliza, "Kivuli je, kina kibali?"

Gaonou aliinua uso. Alifikiri. "Kivuli hakijaandikwa popote."

Nilipiga simu kanisani. Akina mama walikuwa bado ukumbini wanagawa supu. Walikuja na vitambaa vya meza, mashuka, turubai la sherehe ya mtakatifu msimamizi wa parokia, na wana wao wakubwa wa kushika ncha. Tukasimama pande zote za madimbwi, tumeinua nguo zile juu ya vichwa, samaki chini yake. Mikono ilikufa ganzi. Mtu alianza rozari, nami safari hii niliifuata.

Ambler alipita na gari lake, akapunguza mwendo. "Nazario," alisema kupitia dirishani, "plamu zangu nazo zinapenda kivuli." Hakuna aliyecheka. Aliegesha, akashuka, akashika ncha ya turubai iliyokuwa imelegea, akabaki hapo akilalamika mpaka maji yakaja.

Mzee Pruitt alifika katikati ya mambo hayo, akiwa na suti na Biblia, kwa maana kwao ni Wabaptisti na ibada yao ni ndefu. Alitazama mashuka, akatazama samaki wawili waliokwisha kugeuka tumbo juu, kisha akamtafuta Nazario.

"Nani kafunga lango siku yangu?"

"Mimi, mzee."

"Kitambaa changu kilikuwepo."

"Na cha bluu kilikuwepo, mzee."

"Kilikuwepo. Nikakishusha, nikakikunja, nikakiweka mahali pakavu, kama ninavyoshusha cha kaka yako, kama ninavyoshusha cha kila mtu. Si mlisema samaki ni mwanachama? Mwanachama zamu yake inakwisha Jumapili."

Nazario alikuwa amempa samaki kitambaa ili awe kama sisi, na mzee alimtendea samaki kama sisi, sawasawa, bila kosa. Nilimwona shemeji yangu akilielewa hilo akiwa majini, na nikatamani nimfunike yeye kwa shuka lile.

Maji yalikuja baada ya saa tisa alasiri, kwanza kama jasho kati ya mawe, kisha yakawa na sauti. Samaki walikaa bila kuamini. Halafu mmoja akasukuma, na mwingine, na tukashusha mashuka tuwaone wakipanda juu ya mawe, maji yakiruka pembeni. Saba walipita. Wanne walibaki, wamekufa, na bosi wa Gaonou alipopiga simu, muziki ukisikika nyuma yake, kibali alichotoa kilikuwa cha kuokota hao wanne.

Jumatatu waliweka kufuli.

Gaonou alikuja nao lakini hakushuka garini. Kufuli ni kubwa, la shaba, limepita kwenye tundu la gurudumu, lango likiwa limefungwa. Ufunguo unakaa mjini, kwenye ofisi nyingine kabisa ambayo si ya Gaonou. Nazario aliambiwa kwamba hata hivyo ataendelea na kazi. Aliuliza kazi gani. Walimwambia ya kuwapigia simu watakapohitajika.

Basi Jumanne alipiga, wakasema subiri. Jumatano Gaonou mwenyewe alikwenda Mawe Mapana na kidimbwi kilichoko chini yake, akahesabu, akaandika kwamba hakuna samaki hata mmoja aliyebaki. Wote walikwisha kupanda usiku na asubuhi, lango lifunguliwe. Alimpigia Nazario simu akiwa na furaha kidogo. Alhamisi Nazario akapiga mjini, wakasema taarifa ya Gaonou imefika na inasomwa. Ijumaa wakasema aliyeisoma anahitaji wa pili aisome. Wakulima hawakumpigia tena simu. Nazario alikula sahani nzima siku hiyo, na nilijua kuna kitu kimekufa.

Hilario alikata lusini kabla ya wakati, fupi kama nywele za askari, aokoe kilichopo.

Jumapili nyingine, baada ya misa, sikumwona Nazario. Nilijaza supu kwenye chombo, nikachukua bakuli na ndimu, nikaenda langoni. Alikuwepo, na mzee Pruitt pia, kila mmoja juu ya jiwe lake. Kitambaa chekundu kilikuwa kimefungwa kwenye gurudumu, kando ya kufuli, kwa mafundo mawili.

"Umekifunga cha nini, mzee?" nilimuuliza.

"Ni Jumapili," akasema.

Niliwapakulia. Mzee alinusa supu, akauliza ni nini, nikamwambia, akasema mama yake asingekubali, akala. Mbele yetu kijito kilikuwa kimejaa, maji ya theluji, ya baridi na safi, yanapita kwa kasi kuelekea Sacramento na baharini. Hapakuwa na samaki hata mmoja ndani yake.

Mzee aliweka bakuli chini. "Nazario. Ungekuja nyumbani Jumamosi ile, ningempa samaki Jumapili yangu. Ningempa na zote za mwezi wa tano. Mimi nina plamu za zamani, mizizi yao iko mbali. Nisingekunyima."

"Sikufikiri kukuomba, mzee."

"Najua. Hakuna anayefikiri."

"Nakuomba sasa. Kwa mwakani."

Mzee alilitazama kufuli, akaligusa kwa kidole, likagonga chuma. "Unaniomba nini sasa? Siku si yangu tena, na ufunguo si wako."

Nazario alichukua simu, akapiga mjini kwa mara nyingine. Ililia mpaka ikakata. Akaiweka juu ya jiwe, kando ya kile kitambaa cha bluu ambacho kilikuwa bado pale kimekunjwa, na akaniomba nimwongezee supu kabla haijapoa.